Kodi au hisani: kipi kilipie matibabu, na matibabu yapi

Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi huhitaji kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Kwa mwaka ni vipindi 156, na mwaka unaofuata hesabu inaanza upya. Mwenye mtoto wa jicho huhitaji upasuaji mmoja kwa kila jicho, kazi isiyofika saa moja, kisha anarudi kwake anaona. Wapeleke wote wawili kwa mfadhili mmoja mwenye moyo mwema: wa pili atasaidiwa mpaka mwisho, wa kwanza atasaidiwa mpaka mfadhili achoke.

Kwa hiyo swali la kodi au hisani halina jibu moja la kufunika huduma zote za afya. Hujibiwa huduma kwa huduma: gharama inarudi mara ngapi, inamwangukia nani, itaendelea hadi lini. Wengi huanzia kwenye haki, kama ni halali kumlazimisha mtu alipie ugonjwa wa jirani yake. Hoja hiyo ina uzito. Ila mjumbe wa bodi ya hospitali, diwani, mpiga kura, au mwenye fedha anayetafuta pa kuzipeleka, anahitaji kwanza kujua kila mfuko una kina gani na hukwamia wapi.

Kina cha mfuko

Tuanze na hesabu, maana ndiyo hukata mabishano mengi. Marekani ni nchi yenye mazoea makubwa ya kuchangia, na sheria zake za kodi huwabembeleza watu watoe. Mwaka 2023 michango yote ya hisani nchini humo, pamoja na ya makanisa, shule, vyuo na hifadhi za wanyama, ilikadiriwa kufika dola bilioni 557. Iliyokwenda kwenye afya ilikuwa karibu bilioni 57. Matumizi ya afya ya nchi hiyo kwa mwaka huohuo yalikuwa takriban dola trilioni 4.9. Maana yake michango ya afya ingeendesha huduma kwa siku 4 na kidogo. Na kama makanisa na shule zingenyang'anywa kila senti yao ikapelekwa hospitalini, fedha hiyo ingekwisha kabla ya katikati ya Februari.

Ni kweli matibabu ya Marekani ni ghali kupindukia. Basi kata gharama hiyo nusu: michango yote ya hisani bado haifiki robo ya mahitaji.

Uchoyo hauhusiki sana hapa. Tatizo ni kwamba kila anayependa kuona wagonjwa wanatibiwa hufurahi vilevile, awe ametoa yeye au ametoa mwenzake, na hivyo kila mmoja humngojea mwingine aanze. Kodi huondoa kungojeana huko kwa kuwatoza wote kwa wakati mmoja. Tena kodi inaweza kukusanywa penye matajiri ikatumika penye wagonjwa, ilhali hisani hupenda kukaa karibu na macho ya mtoaji, na macho hayo mara nyingi hayapo kule kwenye vifo vingi vya wajawazito.

Halafu kuna utulivu wa mapato. Katika kiangazi cha 2014 watu walijimwagia ndoo za maji ya barafu mbele ya kamera kuchangia utafiti wa ALS, ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli, na chama kimoja cha Marekani kilipata takriban dola milioni 115 ndani ya wiki kama 8. Mwaka uliofuata zoezi lilirudiwa, likaleta sehemu ndogo sana ya kiasi hicho. Kwa utafiti, mfuko wa namna hii unafaa sana: unauweka, unaugawa kwa miradi ya miaka kadhaa, basi. Kwa mshahara wa muuguzi haufai kabisa.

Hisani pekee yenye utulivu unaokaribia wa kodi ni wakfu, yaani mtaji usioliwa, linaloliwa ni pato lake. Hospitali ya Sultani Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa 1284, iliendeshwa hivyo kwa pango la mali zilizowekwa wakfu kwa ajili yake. Hesabu yake haijabadilika tangu hapo: mtaji unaozaa asilimia 4 kwa mwaka huhitaji kuwa mara 25 ya matumizi. Hospitali inayotumia milioni 1 kwa mwaka inahitaji wakfu wa milioni 25, na kama gharama zinapanda kila mwaka lazima sehemu ya pato irudishwe kwenye mtaji, kwa hiyo hata milioni 25 hazitoshi. Wafadhili wanaojenga wodi ni wengi. Wanaoacha mara 25 ya gharama za kuiendesha ni wachache mno.

Nani hubaki mlangoni

Uingereza ya karne ya 18 na 19 ilikuwa na mamia ya hospitali za hisani, na zilitibu watu wengi bure. Kuingia, hata hivyo, mara nyingi kulihitaji barua ya mchangiaji. Aliyelipa ada ya mwaka alipata haki ya kupendekeza idadi fulani ya wagonjwa, na mgonjwa asiyemjua mchangiaji yeyote alibaki nje. Mwaka 1828 daktari William Marsden alimkuta msichana anakufa kwenye ngazi za kanisa mjini London, akashindwa kumpatia kitanda kwa kukosa barua ya namna hiyo. Akafungua zahanati isiyodai barua, ambayo baadaye ilikuja kuitwa Royal Free Hospital. Kosa halikuwa la watu wabaya. Mfumo unaotegemea watoaji ni lazima uwape watoaji kitu, na kitu chenyewe kilikuwa uwezo wa kuchagua.

Kulikuwa pia na orodha za waliokataliwa. Hospitali nyingi za aina ile ziliepuka homa za kuambukiza, magonjwa yasiyopona na wajawazito, kwa kuwa wagonjwa hao walichukua kitanda muda mrefu au waliharibu takwimu za waliopona ambazo wachangiaji walisomewa kila mwaka. Waliobaki walipelekwa kwenye nyumba za maskini zilizoendeshwa kwa kodi. Kodi ilibeba wagumu, hisani ikabeba wanaopona na sifa zake.

Barua ile leo imebadilika sura ikawa picha na video kwenye ukurasa wa michango mtandaoni. Mtoto mwenye tundu kwenye moyo, mwenye mama anayejua kueleza na ndugu wengi wenye simu, atafikisha lengo. Mzee mwenye ugonjwa wa akili wa miaka 20, asiye na ndugu anayetaka jina lake lionekane, hatafikisha. Daktari akiulizwa nani kati yao anahitaji zaidi huenda ashindwe kuchagua, lakini wachangiaji watakuwa wamekwisha kuchagua.

Kodi nayo ina mlango wake, na bawabu wake ni karatasi: kitambulisho, usajili, hati ya ukaazi, cheti cha kuthibitisha umaskini. Mhamiaji, mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa na mkazi wa eneo lisilo na kituo hubaki nje hata kama sheria inasema wote wanatibiwa. Tofauti kubwa iko kwenye kulalamika. Aliyenyimwa huduma ya kodi ana sheria ya kuitaja, mbunge wa kumwandama, mkaguzi wa hesabu, pengine na mahakama. Aliyenyimwa hisani hana pa kwenda, kwa kuwa hisani haidaiwi.

Kodi inavyokwama

Fedha ya kodi hupita milango mingi kabla ya kuwa kidonge. Hukusanywa, huingia hazina kuu, wizara hupewa ukomo wa bajeti, bunge hupitisha, hazina hutoa kwa mafungu ya mwezi au ya robo mwaka, bohari hununua, kituo huagiza, gari hupeleka. Kila mlango una namna yake ya kuvuja, na anayelinganisha mifumo aangalie hasa minne.

Wa kwanza ni pengo kati ya fedha iliyopitishwa na iliyotolewa. Hotuba ya bajeti hutaja ya kwanza. Wagonjwa hutibiwa kwa ya pili. Omba taarifa ya fedha zilizotoka hazina robo kwa robo kwa miaka 3, uachane na kitabu cha makadirio.

Wa pili ni mshahara kuitangulia dawa. Wafanyakazi wasipolipwa hugoma, dawa hazigomi. Makusanyo yakipungua, kinachokatwa ni dawa, vitendanishi (kemikali za vipimo vya maabara), mafuta ya gari la wagonjwa na matengenezo. Ndipo unapokuta kituo chenye wauguzi kamili na kabati tupu. Mgonjwa anaambiwa huduma ni bure, kisha anaandikiwa dawa akanunue nje. Shirika la Afya Duniani liliandika katika ripoti yake ya 2010 kwamba malipo ya mfukoni yakishuka hadi asilimia 15 mpaka 20 ya matumizi yote ya afya, familia zinazofilisiwa na matibabu huwa chache sana. Huduma ya kodi yenye kabati tupu inaweza kuwa juu ya kiwango hicho kwa mbali huku ikijiita ya bure.

Wa tatu ni fedha kutoka ikiwa imechelewa. Ikifika mwezi wa mwisho wa mwaka wa fedha lazima itumike au irudi, hivyo hununuliwa kinachopatikana haraka, mara nyingi samani. Na wa nne ni deni la wasambazaji: asiyelipwa kwa miezi 9 huongeza bei kwenye zabuni inayofuata ili kufidia kusubiri, na serikali huishia kununua kwa bei mbaya kuliko duka la kawaida.

Hata mfumo unaotoa fedha kwa wakati hauepuki kugawa kilicho kidogo. Huduma ya taifa ya afya ya Uingereza, NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948 kwa kodi, bila malipo dirishani. Mahitaji ya miwani na meno bandia yalipita makadirio. Mwaka 1951 serikali iliamua kutoza sehemu ya gharama zake, na Aneurin Bevan, waziri aliyeianzisha, akajiuzulu kwa sababu hiyo. Mwaka 1952 ikaja ada ya dawa, shilingi 1 kwa cheti. Siku hizi kinachogawa ni foleni: mwaka 2023 orodha ya kusubiri matibabu yaliyopangwa nchini England ilipita milioni 7. Foleni inaudhi, lakini angalau hufuata zamu na uzito wa ugonjwa, na watu huweza kuihesabu. Foleni ya hisani haihesabiki, kwa kuwa waliokosa hawakuandikwa popote.

Aina ya kodi nayo hubadilisha jibu. Kodi ya mapato yenye ngazi huwatoza zaidi wenye nacho. Kodi ya ongezeko la thamani humkamua maskini kwa sehemu kubwa ya kipato chake kuliko tajiri, maana maskini hutumia karibu chote anachopata. Ushuru wa tumbaku una faida mbili: bei ikipanda asilimia 10, matumizi hushuka takriban asilimia 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na mapato bado hupanda. Hata hivyo, usiitundike mishahara kwenye chanzo ambacho lengo lake ni kupungua. Na fedha ikitengwa rasmi kwa afya, angalia mkono wa pili wa hazina. Ghana ilitunga sheria ya bima ya afya ya taifa mwaka 2003 na kuipa tozo ya asilimia 2.5 kwenye bidhaa na huduma. Tozo hukusanywa vizuri, ila kuihamishia kwenye mfuko kumechelewa mara nyingi, na vituo vikadai. Kwingine fedha iliyotengwa huingia, kisha mgao wa kawaida unapunguzwa kwa kiasi kilekile.

Hisani inavyokwama

Kosa lililozoeleka zaidi ni zawadi ya jengo au mashine isiyo na fedha ya kuiendesha. Matengenezo ya kifaa tiba peke yake hukadiriwa kuwa asilimia 5 hadi 10 ya bei yake kwa mwaka, kabla hujagusa umeme, mafundi na vitu vinavyotumika vikaisha. Mashine ya maabara ya aina iliyofungwa hukubali vitendanishi vya kampuni yake tu. Zawadi ni mashine, gharama halisi ni vitendanishi. Kifaa cha volti 110 kikichomekwa kwenye volti 230 bila kibadilishi huungua siku ya kwanza. Kingine huja bila kitabu cha fundi au bila nywila ya sehemu ya matengenezo, kikikwama mara moja kimekwama moja kwa moja, na kinabaki kuziba chumba kwa kuwa taratibu za kukifuta kwenye daftari la mali huchukua miaka.

Dawa za msaada zina matatizo yao. Katika vita vya Bosnia, kati ya 1992 na 1996, zaidi ya nusu ya dawa zilizopelekwa zilionekana hazifai: zilizokwisha muda, mabaki yaliyorudishwa na wagonjwa, zenye maandishi yasiyosomeka na wenyeji. Kuziteketeza nako kuligeuka mzigo. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka 1996 inataka dawa iwe kwenye orodha inayotumika nchini, iwe na lebo katika lugha inayoeleweka na wahudumu, na ibakize angalau mwaka 1 kabla ya kuisha muda inapofika. Bodi ikipokea ofa isiyotimiza hayo ikatae kwa maandishi. Kupokea kwa aibu ya kumkataa mfadhili ni ghali kuliko aibu yenyewe.

Kisha kuna fedha zenye masharti. Baada ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 katika Bahari ya Hindi, michango ilifurika kiasi kwamba shirika la madaktari wa dharura la Médecins Sans Frontières, mapema Januari 2005, lilitangaza kwamba limepata ya kutosha kwa dharura hiyo, na baadaye likawaomba watoaji ruhusa ya kutumia ziada kwingine. Mashirika yenye ujasiri huo ni machache. Mengi huzitumia palepale, na kliniki tatu hujengwa kwenye pwani moja wakati bonde jirani halina hata moja.

Hasara isiyoonekana kwenye hesabu ni ya watumishi. Mradi wa ugonjwa mmoja ukilipa mara mbili ya mshahara wa serikali, wauguzi bora wa wodi ya wazazi huhamia huko, na vifo vya uzazi havimo kwenye ripoti ya mradi huo. Ripoti zenyewe hula muda: wafadhili 6 wenye fomu 6 na kalenda 6 humtoa mtu mmoja kazini kabisa.

Hatari kubwa ya kiafya iko kwenye tiba zinazokatika katikati. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi 6. Mfadhili akisimama mwezi wa tatu, ugonjwa uliokuwa unapona unaweza kurudi ukiwa na usugu wa dawa, na gharama ya kuutibu inapanda mara nyingi. Surua huhitaji takriban asilimia 95 ya watu wawe wamechanjwa dozi 2 ili isienee. Mashirika kumi yakichanja vizuri katika wilaya kumi walizozipenda, ugonjwa utakaa katika ile ya kumi na moja ukingoja watoto wapya.

Pale hisani inapoishinda kodi

Hapa watetezi wa kodi mara nyingi huwa wabahili wa sifa. Chanjo ya homa ya manjano ya 17D ilitengenezwa na Max Theiler katika maabara za Rockefeller Foundation, mwaka 1937, kwa fedha ya tajiri mmoja. Nchini Marekani, taasisi iliyoanzishwa 1938 na Rais Franklin Roosevelt, aliyekuwa amepooza miguu, ilikusanya senti kumi kumi kutoka kwa wananchi na kugharamia majaribio ya chanjo ya polio ya Jonas Salk. Matokeo yalitangazwa tarehe 12 Aprili 1955, na mwaka huohuo bunge likapitisha sheria ya kutoa fedha za kodi ili watoto wachanjwe. Huo ndio mfano safi kuliko yote wa kupokezana: hisani ilibeba uwezekano wa kushindwa, kodi ikabeba wingi.

Serikali hushindwa kubeba uwezekano wa kushindwa kwa sababu inayoeleweka. Mkaguzi akikuta mradi ulioanguka huandika hoja, na waziri anaulizwa bungeni. Mfadhili binafsi akipoteza fedha yake kwenye wazo lililofeli, hana wa kumjibu.

Hisani pia huwafikia waliosahaulika. Mnyoo wa Guinea hauna chanjo wala dawa ya kuutibu. Hupigwa vita kwa vichujio vya maji, dawa ya kuua viroboto maji wanaoubeba, na kumzuia mgonjwa asiingie kisimani. Mwaka 1986, Kituo cha Carter, shirika la rais wa zamani wa Marekani Jimmy Carter, kilipoanza kuongoza kampeni hiyo, walikadiriwa kuwapo wagonjwa milioni 3.5 kwa mwaka. Miaka ya karibuni wamekuwa chini ya 20. Ni ugonjwa wa vijiji visivyo na sauti bungeni, na ungeendelea kusubiri zamu ya bajeti. Hospisi ya St Christopher's, iliyofunguliwa London na Cicely Saunders mwaka 1967, ilianzisha tiba shufaa ya kisasa, yaani kumpunguzia maumivu mtu asiyeweza kupona, wakati hospitali za umma zilikuwa hazijui la kufanya na mtu anayekufa. Hadi leo hospisi za watu wazima nchini England hupata takriban theluthi tu ya mapato kutoka serikalini.

Na kuna kasi. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Médecins Sans Frontières walikuwa Guinea tangu Machi 2014. Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa tarehe 8 Agosti. Shirika lenye fedha isiyo na masharti na vifaa vilivyofungashwa tayari halisubiri kikao.

Mpaka usionyooka

Katika maisha halisi mifuko hii miwili imeingiliana. Hadi mwaka 2025, Mmarekani wa ngazi ya juu ya kodi, asilimia 37, aliyestahili punguzo kamili akitoa dola 100, kodi yake ilishuka kwa dola 37. Yaani yeye ametoa 63, hazina imetoa 37, na aliyeamua zote 100 ziende wapi ni yeye. Anayesema hisani haigusi fedha ya umma hajaifungua hesabu hiyo.

Upande wa pili, msaada wa serikali za nje ni kodi kwa anayeutoa na hisani kwa anayeupokea. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanza 2003, ulilipwa na walipakodi, lakini mgonjwa wa nchi nyingine hana kura wala mahakama ya kuudai. Serikali mpya iliposimamisha misaada ya nje Januari 2025, kliniki zilijikuta mahali palepale pa mwenye kutegemea mfadhili mmoja. Unapopanga vyanzo vya hospitali, msaada wa namna hii uandike upande wa hisani.

Ipo njia ya tatu, inayofaa kwa huduma chache. Hospitali za macho za Aravind, zilizoanza Madurai, India, mwaka 1976 na vitanda 11, huwatoza wanaoweza na kuwafanyia wengine bure au kwa bei ndogo. Inawezekana kwa sababu upasuaji wa mtoto wa jicho ni kazi ileile kila mara, fupi, na yenye wateja wengi wa kulipa. Jaribu mpango huo kwenye wodi ya majeraha ya ajali: wanaolipa hawatoshi na gharama ya kila mgonjwa haitabiriki.

Kuipanga huduma yako

Chukua huduma moja, andika gharama ya kuianzisha kando ya gharama ya kuiendesha kwa miaka 5. Ya pili ikizidi ya kwanza, na mgonjwa akiachishwa atadhurika, iweke kwenye kodi au bima ya lazima: insulini, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, usafishaji damu, kujifungua, chanjo za kawaida, dharura. Dharura hasa, kwa sababu majeruhi hana muda wa kuomba. Sheria ya Marekani ya 1986 inazilazimisha hospitali zinazopokea fedha za Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kumtibu mgonjwa wa dharura mpaka hali yake itulie, hata asiye na fedha, lakini haikutaja nani alipe, na bili hiyo huishia kwa wagonjwa wengine.

Ikiwa kazi ina mwanzo na mwisho, ipe hisani bila wasiwasi: mdomo sungura, mtoto wa jicho, jengo ambalo watumishi wake tayari wako kwenye bajeti, mafunzo ya wataalamu, utafiti, majaribio ya njia mpya. Makundi ambayo wapiga kura wanayachukia nayo yanahitaji hisani mwanzoni, hadi sheria ibadilike.

Tiba shufaa iko katikati, na hapo tunaegemea kodi kwa dawa za maumivu na wauguzi, hisani kwa mengine. Wengine watapinga.

Kwa anayelipishwa kodi asiyoitaka, hoja ya hiari inabaki na nguvu kwenye huduma zenye mwanzo na mwisho. Kwenye zile tulizoziweka kwenye kodi, hiari inayolindwa ni ya mtoaji peke yake. Mgonjwa hana hiari yoyote ya kuugua.

Huduma ikianzishwa na hisani huku mnajua itaishia kwenye kodi, makabidhiano yaandikwe siku ya kwanza. Kifungu cha bajeti ya umma kifunguliwe mwaka wa kwanza hata kwa kiasi kidogo, kwa kuwa kukianzisha hula mzunguko mzima wa bajeti. Gavi, shirika la kufadhili chanjo, huzidai hata nchi maskini kabisa senti 20 za dola kwa dozi, kisha sehemu hiyo hupanda kadiri kipato cha nchi kinavyopanda. Mishahara ya watumishi ifuate ngazi za serikali, la sivyo hakuna wa kuwapokea. Dawa ziwe kwenye orodha ya taifa. Kumbukumbu ziandikwe kwenye rejista za kituo, zisiwe kwenye kompyuta ya mradi. Mfadhili ashuke kwa hatua, asilimia 100, 75, 50, 25, na aache akiba ya vifaa ya miezi 12.

Mashine moja ya kusafisha damu, kwa zamu 3 za siku na siku 6 za wiki, hubeba wagonjwa 6. Mbili hubeba 12. Kama mwaka wa pili kifungu cha bajeti bado kinasoma sifuri, usipokee mashine ya tatu, hata kama ni zawadi na hata kama imekwisha kufika bandarini.